Yakimwagika

Bibi alipenda kusema: yakimwagika hayazoleki.
Bibi, mwenzio nalipwa mshahara kuyazoa.

Ghala letu liko nyuma ya bandari ya Sohar,
bati jeupe, milango miwili, feni moja mbovu.
Ndani, mita elfu mbili za uzio wa mpira
zimeviringwa kama kitambaa kwenye jora,
pampu sita, marobota ya mashuka ya kufyonza,
buti za kila mguu, hata wa Dadkarim, namba arobaini na nane.
Kila Jumapili tunavipangusa vumbi.
Kila mwezi tunauteremsha uzio majini, tunaujaza upepo,
tunaukunja tena, na Biju anatia tiki.

Ndiyo biashara yenyewe:
kampuni ya meli inalipa ada mwaka hadi mwaka
ikiomba Mungu isituone,
nasi tunaila ada hiyo tukiomba vivyo hivyo.
Sijui kazi nyingine
ambayo muuzaji na mnunuzi wana dua moja.

Saa tisa na dakika kumi usiku, simu.
Si nahodha. Nahodha kampigia wakala,
wakala kaiamsha kampuni huko Ugiriki,
kampuni imewauliza watu wa bima,
watu wa bima wamesema: hebu subirini.
Mafuta hayajui kusubiri.
Bomba limepasuka tangi likijazwa,
meusi, mazito, tani kumi, labda kumi na tano,
na mkondo unayasukuma kuelekea mdomo wa kile kiwanda
kinachogeuza chumvi kuwa chai ya mji mzima.

Nafungua daftari. Jina la meli halimo.
Nalisoma herufi kwa herufi. Halimo.
Aliyetiwa saini ni dada yake, rangi moja, bendera moja,
na mkataba wa dada haumsafishi dada.

Ngazi ni tatu, nimezikariri:
janga dogo, bandari inajipangusa yenyewe;
la kati, sisi;
kubwa, ndege inashusha vifaa kutoka ng'ambo
na wakubwa wanavaa kofia ngumu mbele ya kamera.
Dawa ya kuyatawanya haimwagwi bila kibali,
na karibu na ule mdomo kibali hakitoki asilani.
Ngazi ya asiyelipa haikuandikwa.

Nampigia Bi Raiya. Anapokea mlio wa kwanza,
Kiswahili chake cha Mtendeni
hakijashika kutu kwa miaka arobaini ya Maskati:
"Mkondo unakwenda wapi?"
Namwambia kwanza saini, hakuna saini.
Kimya. Namsikia akipapasa miwani.
"Thuwaiba, mwanangu, chai yako ya asubuhi
unaipikia maji gani?"
Akakata.

Basi. Dadkarim akarudisha lori kinyumenyume.
Rodel akaitukana kompresa kwa lugha ya kwao, ikawaka.
Mashua mbili zikauvuta uzio,
ukajaa upepo chumba baada ya chumba,
na kabla ya adhana ukakaa mbele ya ule mdomo
kama mkono wa mama mbele ya mtoto
gari linapofunga breki.

Saa moja kasorobo barua ya kampuni ikaingia:
tumekubali, leteni bei, tafadhali mpunguze.
Biju akaandaa ankara ya kurasa kumi na moja.
Mpaka leo wanaibishania.

Hatukuyapata yote.
Mengine yaliganda miambani, siku nne tuliyakwangua,
mfuko kwa mfuko, kila mfuko na tarehe na uzito wake,
maana hata taka ina mkataba.
Mnandi mmoja nilimwosha kwa sabuni ya vyombo.
Akanidonoa kidole.
Akafa mchana.

Jumapili nilipima uzio: mita sitini pungufu, zimechanika.
Nikaandika hivyo hivyo. Biju akatia tiki.
Nyumbani nikafungua bomba, nikajaza birika,
nikaonja kabla ya kuteleka.
Maji hayakuwa na ladha yoyote.